Mkulima na Mzigo wa Fikira

Ndugu msomaji, watu wengi walioingia dini karibuni, na wengine ambao wangali wakiitafuta, huuliza swali hili: Je, mtu amwaminiye Mwenyezi Mungu aweza kushikwa na huzuni hata akashindwa kuamka kwenda shambani? Na akishikwa nayo, si alama ya kwamba imani yake imepungua?

Swali hili huulizwa na mke amwonaye mumewe amekaa kando ya zizi tangu asubuhi bila kunena neno. Huulizwa na mkulima mwenyewe usiku, usingizi unapomkimbia. Na mara nyingi huulizwa kimoyomoyo tu, kwa kuwa mwulizaji huona haya kulitamka mbele za watu.

Katika somo hili twataka kulijibu kwa kuangalia jamii moja ya watu, nao ni wakulima wanaolima mazao na kufuga wanyama katika shamba lile lile. Tutachukua mfano wa Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, mashariki ya Kenya, kwa sababu habari za huko zinajulikana vizuri, na kwa sababu msomaji aishiye Dodoma, Singida au Shinyanga atayatambua humo mengi ya kwao. Tutaona kwanza mzigo wenyewe hutoka wapi, kisha dalili zake, kisha mafundisho ya dini juu yake, na mwisho jinsi ya kuutua.

Shamba la Mchanganyiko Lilivyo

Ukambani mvua huja mara mbili kwa mwaka. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli huanza Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa huko huitumainia vuli kuliko masika, lakini hata vuli haina ahadi. Kwa hiyo mkulima haweki tumaini lake lote katika kitu kimoja. Hupanda mahindi, na kati ya mahindi hupanda kunde, maharagwe na mbaazi. Pengine huongeza mtama na pojo, na karibu na nyumba hupanda miembe. Kisha hufuga ng'ombe wawili watatu, mbuzi kadhaa na kuku. Maksai huvuta plau. Samadi ya zizini hurudishwa shambani. Mabua ya mahindi, baada ya mavuno, huwa chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Mbuzi huuzwa karo ya shule inapodaiwa, na mayai hununua chumvi na sabuni.

Huu ni mpango wa busara kubwa. Mazao yakikosa, mnyama huuzwa. Mnyama akifa, mbaazi hubaki, kwani mizizi yake huenda chini sana na huvumilia ukame. Mwaka 1994 Mary Tiffen na wenzake walitoa kitabu juu ya Machakos, wakaonyesha kwamba nchi ile, ambayo katika miaka ya 1930 ilidhaniwa kuwa imekwisha kuharibiwa na mmomonyoko wa udongo, ilikuwa imetengenezwa upya kwa matuta, miti na samadi, hali idadi ya watu ilikuwa imeongezeka karibu mara tano. Kazi hiyo ilifanywa na mikono ya wakulima wa kawaida, wake kwa waume.

Lakini liko jambo moja katika mpango huu ambalo halisemwi sana. Shamba la mchanganyiko huigawa hasara ya mali, ila haligawi fikira. Hasara hugawanyika kati ya mahindi, mbaazi, ng'ombe na mbuzi. Fikira za vyote hivyo hukusanyika katika moyo wa mtu mmoja. Msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo msingi wa somo letu.

Sababu Nne za Mzigo

Kwanza, kazi haina siku ya mapumziko. Mwenye kulima mazao peke yake hupata nafasi ya kupumua baada ya mavuno. Bali mwenye ng'ombe wa maziwa hukamua asubuhi na jioni, siku zote za mwaka, awe mzima au mgonjwa, iwe siku ya sikukuu au ya msiba. Tena kazi hizi mbili hugongana. Wiki ile ile ya palizi, ambapo magugu hayamngojei mtu, ndipo ndama ashikwapo na homa. Na katika nyumba nyingi za Ukambani mume amekwenda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa, hivyo mke ndiye hubeba jembe, ndoo na kamba ya mbuzi, na zaidi ya hayo hungoja neno la mume aliye mbali kabla ya kuuza mnyama mmoja. Kubeba kazi bila ya kuwa na amri juu yake ni taabu ya namna yake.

Pili, hasara hufungana. Kila sehemu ya shamba huitegemeza nyingine, na kwa sababu hiyo moja ikianguka huivuta ya pili. Mvua ikikosa, mahindi hayazai. Mahindi yasipozaa, hakuna mabua. Pasipo mabua, maksai hudhoofika. Mvua ya pili inyeshapo, maksai hawana nguvu za kuvuta plau, mtu huchelewa kupanda, naye aliyechelewa kupanda huvuna kidogo. Hivyo mvua iliyokosekana Novemba humfuata mkulima hata Novemba ya mwaka unaofuata.

Tatu, bei humgeukia. Mifugo huitwa benki ya mkulima, nayo kweli ni benki. Lakini ni benki ambayo wateja wote huiendea siku moja. Ukame ukija, kila mtu hupeleka mbuzi wake sokoni, na bei ya mbuzi huanguka. Wakati huo huo bei ya mahindi hupanda, kwa kuwa ghala zote ni tupu. Tuseme mbuzi mmoja katika mwaka wa neema angenunua gunia zima. Katika mwaka wa njaa huenda asinunue hata nusu yake. Mtu huona kwamba akiba aliyoilisha na kuichunga miaka mitatu imeyeyuka katika asubuhi moja ya mnada.

Nne, yako maradhi. Kupe huleta ndigana, na ndigana humwua ng'ombe upesi. Ugonjwa wa miguu na midomo ukitokea, serikali hulazimika kuyafunga masoko ya mifugo, na hata mwenye mnyama mzima hawezi kumwuza, ingawa karo yadaiwa wiki hiyo hiyo. Viwavijeshi vamizi, walioonekana katika Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, walikwisha kufika Kenya na Tanzania mwaka 2017. Wala ghala lenyewe si salama siku zote. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumukuvu, sumu itokayo katika ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa bila ya kukauka vizuri. Mahindi hayo akilishwa ng'ombe, sumu hupita hata katika maziwa. Basi fikiria hali ya mama ambaye, baada ya njaa, humpasa kukiogopa chakula chake mwenyewe.

Yaliyotokea Tangu Mwaka 2020

Hayo tuliyoyataja yaliwapata watu kwa pamoja hivi karibuni. Tangu vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya iliyo kame, na katika Somalia na Ethiopia. Mwezi wa Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza ukame huo kuwa balaa la taifa. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Wengi wa wanyama hao walikuwa wa wafugaji wa kaskazini, lakini Kitui na Makueni nazo zilipata sehemu yao. Kisha mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, zikaja mvua kubwa zilizoleta mafuriko. Mkulima aliyekwisha kuuza maksai wake wakati wa ukame hakuwa na cha kulimia mvua iliponyesha. Na wengine matuta yao yalichukuliwa na maji.

Misimu mitano ni zaidi ya miaka miwili ya kutazama mbingu. Mtu aliyepita katika muda kama huo, kisha moyo wake ukachoka, asidhaniwe kuwa ni mvivu au mwoga. Bega likibebeshwa zaidi ya uwezo wake huteguka, na hakuna amlaumuye mwenye bega. Moyo nao una kipimo chake.

Dalili za Moyo Ulioelemewa

Yatupasa tutofautishe huzuni na ugonjwa. Kuhuzunika kwa kufiwa na ng'ombe, au kukosa usingizi siku mbili tatu kwa ajili ya deni, ni hali ya kawaida ya binadamu, na hupita. Ugonjwa wa sonona ni kitu kingine. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hali hiyo humshika mtu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Watu zaidi ya milioni 280 duniani wanao ugonjwa huu, matajiri na maskini, wasomi na wasiosoma. Dalili zake kwa mkulima huonekana hivi:

1. Mambo aliyoyapenda hayampendezi tena. Aliyekuwa akizunguka zizi kila asubuhi sasa hauangalii hata mkia wa ng'ombe.

2. Kazi nyepesi humlemea. Mbegu zimo katika mfuko, mvua inanyesha, naye hawezi kuinuka.

3. Usingizi humkosa, au huamka saa tisa za usiku na kuhesabu madeni hadi alfajiri. Pengine hulala mchana kutwa.

4. Husahau. Siku ya kupeleka wanyama katika josho humpita. Hulisahau lango wazi na mbuzi huingia katika shamba la jirani.

5. Mwili huuma. Kichwa, mgongo na tumbo humsumbua, moyo humwenda mbio. Wako wanaokwenda zahanati mara tano, kila mara wakapewa vidonge vya maumivu, kwa kuwa walitaja kichwa na hawakutaja moyo.

6. Huwa mkali kwa mke, kwa watoto na kwa wanyama, au hujificha katika pombe.

7. Hujiona hana thamani, na huona ya kwamba nyumba yake ingekuwa na nafuu kama yeye asingekuwapo. Dalili hii ni ya hatari kuliko zote, nasi tutairudia.

Mswahili husema, “Nina mawazo.” Washona wa Zimbabwe nao wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Watu wetu waliujua ugonjwa huu kabla ya kuambiwa jina lake la kitaalamu. Upungufu uliopo ni kwamba tukisikia mtu akisema ana mawazo, twamjibu, “Mwachie Mungu,” kisha twaendelea na safari yetu.

Je, ni Upungufu wa Imani?

Sasa tulijibu swali tulilolianza. Tukiangalia habari za Manabii, twaona ya kwamba huzuni kubwa iliwafika hata wao. Nabii Yakubu (a.s.) alimhuzunikia mwanawe Yusufu kwa miaka mingi hata macho yake yakageuka kuwa meupe kwa majonzi, na hakuacha kuwa Nabii. Bibi Mariamu, katika uchungu wa kuzaa akiwa peke yake, alitamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile. Wala Mwenyezi Mungu hakumkemea, bali alimpelekea faraja, na pamoja na faraja akampa maji ya kunywa na tende za kula. Mtume Muhammad (s.a.w.) alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na Waislamu wauita mwaka ule mwaka wa huzuni. Ikiwa watu hao walihuzunika, nani atakayemwambia mkulima wa Kitui kwamba machozi yake ni ushahidi wa kukosa imani?

Huenda mtu akauliza: Lakini si twaamrishwa kumtegemea Mungu? Naam, twaamrishwa. Lakini kutegemea si kukaa bure. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Nabii Yusufu (a.s.), alipofahamishwa kwamba njaa ya miaka saba yaja, aliagiza nafaka iwekwe akiba ikiwa ingali katika masuke yake, ili isiharibike; na hakuna aliyesema kwamba kujenga ghala ni kumshuku Mungu. Vivyo hivyo Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu watafute dawa, akifundisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa yake. Mafundisho haya hayaubagui ugonjwa wa moyo. Sala huupa moyo nguvu na utulivu, wala haimzuii mtu kwenda hospitalini, kama vile dua ya mvua isivyomzuia mtu kuchimba kisima.

Liko na kosa la pili, la wale wasemao kwamba aliyenyamaza na kujitenga amerogwa. Kosa hili huleta madhara mawili. Mbuzi wa mwisho huuzwa ili kumlipa mganga, na jirani asiye na hatia hutupiwa jicho la shaka. Hivyo mgonjwa huongezewa umaskini, na juu ya umaskini huongezewa uadui na mtu ambaye angemsaidia kulima. Huko Makueni wataalamu wa afya ya akili, akiwamo Profesa David Ndetei, walifanya jambo la hekima: hawakuwadharau waganga wa jadi na viongozi wa dini, bali wao na wahudumu wa afya waliketishwa pamoja wazungumze, kwa sababu ilijulikana kwamba mgonjwa huwaendea hao kwanza. Nasi tulio katika nyumba za ibada tujifunze hapo. Anayetujia akilia aweza kuwa na haja ya dua yetu, na pia ya kusindikizwa hadi zahanati.

Jinsi ya Kuutua Mzigo

Tulisema kwamba shamba huigawa hasara lakini haligawi fikira. Basi dawa yake ni kuzigawa fikira zenyewe, kama hasara inavyogawiwa. Tutaje njia tano.

1. Kuanza nyumbani. Mume na mke, pamoja na watoto waliokwisha kukua, na waketi jioni moja wahesabu: chakula kilichopo kitafika mwezi gani, majani na mabua ya mifugo yatatosha wiki ngapi, ni nani anatudai na kiasi gani. Yaandikwe katika karatasi. Wanaume wengi huficha madeni kwa kudhani wanawalinda watu wao, kumbe watu wao huuona uso, nao hudhani mabaya kuliko yaliyopo. Deni lililoandikwa lina mwisho, bali deni lililofichwa hukua kila usiku. Na ikiwa mume yu mbali, mke apewe idhini mapema ya kuuza mnyama fulani hali ikifika kiasi fulani.

2. Kuamua mapema. Sehemu kubwa ya mateso ni kungoja: niuze leo au ningoje wiki moja zaidi? Mtu na apange tangu mvua ikichelewa, kwa shauri la bwana shamba na bwana mifugo, ni wanyama gani watauzwa wakiwa wangali na nyama mwilini, na ni wale gani wa mbegu watakaohifadhiwa kwa gharama yoyote. Mahindi yakaushwe vizuri na yawekwe juu ya chanja, mbali na unyevu wa sakafu. Uamuzi uliokwisha kufanywa mchana hauna haja ya kufanywa tena usiku.

3. Kurudisha ujima. Wakamba wana desturi ya mwethya, ambapo majirani hukusanyika na kufanya kazi katika shamba la kila mmoja kwa zamu. Matuta mengi ya Machakos yalichimbwa hivyo. Faida yake si matuta peke yake. Mtu aliyefiwa na maksai hulimiwa bila kuomba. Na wakati wa kazi watu huzungumza, na kila mmoja hugundua kwamba yaliyompata yamewapata na wengine. Majirani wawili waweza pia kupeana zamu ya kukamua, ili kila mmoja apate siku moja ya kupumzika au ya kwenda hospitalini. Jambo hili ni dogo, lakini humpa mtu kitu ambacho shamba la mchanganyiko humnyima.

4. Kusema na mtu mzima mwenye kusikiliza. Hapa tuna mfano mzuri kutoka Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda wa Harare aliona kwamba nchi yake ina madaktari wa akili wachache mno, lakini ina bibi wengi wenye hekima. Akawafundisha akina bibi hao, wakaketi juu ya mabenchi ya mbao nje ya zahanati, na kila mwenye kufungisisa akaja akaketi nao. Bibi kwanza husikiliza mpaka mtu aifungue akili yake. Kisha humsaidia achague taabu moja tu kati ya nyingi alizo nazo. Kisha wapange pamoja hatua moja aiwezayo wiki hiyo. Naye hurudi kueleza imekuwaje. Njia hii ilipimwa kwa wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida takriban 50 walikuwa na dalili za sonona. Miongoni mwa walioketi na bibi, walikuwa takriban 14. Baadaye mabenchi hayo yalifika hata Zanzibar. Kila msikiti, kila kanisa na kila kijiji kina wazee wawezao kujifunza kazi hii.

5. Kwenda zahanati au hospitali. Mtu aseme wazi, “Sina usingizi, sina hamu ya kazi, na hali hii imezidi wiki mbili.” Yako mazungumzo ya tiba na ziko dawa. Yafaa ieleweke kwamba dawa za sonona hazifanyi kazi kwa siku moja kama dawa ya kichwa. Huchukua wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na si vizuri aziache kabla ya kuambiwa na mganga wa hospitali. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai, na kumbe walikuwa njiani.

Jambo la Hatari Kuliko Yote

Sasa turudi katika ile dalili ya saba. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hujiua. Baadhi yao ni wakulima, na Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba dawa za kuulia wadudu, zilizopo katika nyumba za mashambani, huchukua sehemu kubwa ya vifo hivyo. Fikira ya kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kwa muda mfupi kisha hupungua. Ikiwa sumu haipo karibu katika muda huo, mtu huokoka, na wengi waliookoka hushukuru kwamba wangali hai. Sri Lanka ni ushahidi mkubwa. Nchi hiyo ilizipiga marufuku sumu za shamba zilizo kali zaidi, hatua kwa hatua, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiasi cha watu wanaojiua kilishuka kwa karibu asilimia 70, hali kilimo chake kiliendelea.

Kwa hiyo dawa za shamba na za josho zifungiwe kwa kufuli, mbali na chumba cha kulala, na ufunguo ashike mtu mwingine ikiwa mmoja wa nyumbani ameelemewa. Na ukimshuku ndugu yako, mwulize waziwazi, kwa upole: “Je, umefikiria kujitoa uhai?” Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa fikira asiyokuwa nayo. Sivyo. Swali hilo humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, usimhubirie juu ya dhambi, usimwite mwoga. Kaa naye, mwite mtu anayemwamini, na mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo.

Dini yetu hukataza kuiondoa roho, kwani roho ni amana. Lakini katazo hilo lipo ili kumlinda mgonjwa, wala halikuwekwa liwe fimbo ya kumpigia yeye, au mjane wake na watoto wake. Sheria za nchi nazo zimeanza kuliona hilo. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai kinapingana na katiba. Aliyefika ukingoni ana haja ya kitanda cha hospitali kuliko seli ya polisi.

Muhtasari

Ndugu msomaji, tumeona ya kwamba mwenye kulima na kufuga ana kazi isiyokoma, hasara zinazofungana, bei inayomgeukia na maradhi yasiyomwacha. Tumeona kwamba mzigo huu waweza kuwa ugonjwa, wenye dalili zijulikanazo na tiba ijulikanayo. Na kwamba waliokuwa karibu zaidi na Mungu walihuzunika. Kumtegemea Mungu ni pamoja na kuandika deni, kufunga kufuli, kumwendea mzee, na kumeza dawa.

Basi mtu wa kwanza atakayekuambia wiki hii kwamba ana mawazo, usimpite. Mwulize ng'ombe wake wangapi wamebaki. Mwulize analalaje usiku. Kisha kaa chini usikilize, hata kama jua linakwenda. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wapesi wa kubebeana mizigo. Amin.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini mifugo, iliyo akiba ya mkulima, hupungua thamani wakati ule ule anapoihitaji?

2. Huzuni ya kawaida hutofautianaje na ugonjwa wa sonona? Taja dalili tatu ambazo wewe mwenyewe umewahi kuziona kwa jirani.

3. Habari za Yakubu (a.s.) na za Bibi Mariamu zatufundisha nini juu ya machozi ya mwenye imani?

4. Katika nyumba yako, dawa za shamba zimewekwa wapi, na ufunguo anao nani?

5. Ni mzee gani katika kijiji chako ambaye watu humwendea kusema naye? Je, amepata kufundishwa dalili za ugonjwa huu?